Gundi ya Hurlingham

Mmeniomba niandike, ninyi mnaobaki maabara pale orofa ya chini, na nimekubali kwa sababu nikikataa mtaniandikia wenyewe na mtakosea. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa kiasi gani. La kwanza halina maana na la pili litawatia huruma. Nitawaambia jinsi kazi ilivyofanyika, na jinsi mimi, Nekesa, fundi wa maabara ya fizikia kwa miaka zaidi ya thelathini, nilivyokaribia kumharibia binti wa watu shahada yake ya uzamifu kwa tone moja la gundi.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilizaliwa hivyo, huko Bungoma. Mama akinituma dukani alijua nitarudi njiani kumuuliza kama alisema chumvi au sukari. Hapa Nairobi nimewahi kutoka nyumbani Muthangari kwa miguu, nikafika Westlands, nikageuka kwenda kuangalia kama nimezima pasi. Ilikuwa imezimwa. Kila mara ilikuwa imezimwa. Wafula, mume wangu, husema heri angeoa askari, maana askari ana zamu ya kupumzika.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ya kanisani na viatu vya visigino. Mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Gatheru, mtu wa Dagoretti, mwembamba, mwenye koti la kijivu lenye mifuko mingi kuliko mwili. Alinitazama miguu kabla ya uso. "Hivyo viatu vitakuua ama viue mtu mwingine. Kesho kuja na za kutembea." Kisha akanipa roli mbili za waya mwembamba wa shaba.

"Sokota."

"Nisokote nini, Mzee?"

"Waya na waya. Kama unasuka nywele. Mpaka nikuambie wacha."

Hakuniambia niache mpaka Ijumaa. Vidole viliota malengelenge, nikaanza kufikiri kwamba labda nimeajiriwa kimakosa na wanatafuta namna ya kuniambia. Ijumaa alasiri akaja, akachukua waya mbili ambazo hazijasokotwa, akaziunganisha na mashine, akaniambia nitazame. Sindano ya mashine ilikuwa inacheza, na hapakuwa na chochote mezani. "Waya mbili zikiachana," akasema, "ile nafasi katikati ni sikio. Lifti ikipanda, inasikia. Mtu akichomelea geti huko nje, inasikia. Kila mahali mkondo wa stima unabadilika, sumaku inabadilika pia, na hilo sikio litakuzalia volti ambayo hukuiomba." Akaweka zangu zilizosokotwa. Sindano ikatulia. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini waya zilizonyooka.

La pili alilonifundisha ndilo lililonifanya niandike haya. Kila benchi lina daftari lake, na mbele tunaandika vipimo, kama maabara zote. Ukurasa wa nyuma kabisa Mzee Gatheru aliutenga. Ukivunja kitu, ukikosea, ukikosa kifaa kinachotakiwa ukatumia kingine, unaandika huko: tarehe, ulichofanya, jina lako. Halafu mtu mwingine yeyote, awe profesa au mfagiaji, anasoma na kuandika kando, "Nimesoma," na kuweka sahihi. Bila ile sahihi, ni kama hujasema.

Mzee alikulia katika familia ya waliookoka zamani, wale wa kusimama kanisani na kutangaza mbele ya watu kwamba niliiba kuku wa jirani na hapa nimemleta. Alisema fizikia inahitaji desturi hiyo kuliko kanisa, kwa sababu Mungu anajua tayari, lakini mtu atakayesoma daftari hajui. Na alipenda kusema, "Mficha uchi hazai, Nekesa." Kwa msichana wa umri wangu wakati ule, msemo huo ulinitia haya kuliko ulivyonifundisha.

Wiki ya tatu nilivunja kipimajoto cha zebaki. Nilikaa chooni robo saa nikipanga nitamwambiaje mama kwamba nimefutwa. Kisha nikaenda nikaandika nyuma. Mzee akasoma, akaweka sahihi, akafunga daftari. "Sasa umesema. Nenda ukakunywe chai." Basi. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka siku anastaafu.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Ile ninayoikumbuka kwa kicheko ni ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipata kipimo cha ajabu kila siku saa nne kasoro robo asubuhi. Vipimo vinaruka, vinakaa juu kama dakika ishirini, vinashuka. Alianza kuandika mambo ya miale kutoka angani. Mimi tumbo likaniambia hapana. Nilitembea jengo zima na koili ya waya mkononi kama mganga anayetafuta maji, watu wakinicheka kwenye ngazi, mpaka nikafika chumba cha walimu, mbele ya birika kubwa la stima. Katibu wa idara aliniuliza, "Kwa hivyo mnataka tusikunywe chai?" Tulihamisha kipimo kikawa saa tano. Chai ya walimu haihamishwi.

Mzee Gatheru aliniachia funguo, bisibisi zake, na neno moja: "Kipimo kikikuudhi, kikague mara moja. Kikikufurahisha, mara tatu." Amelala kwao Dagoretti sasa. Nimemfikiria sana mwaka huu uliopita, na si mara zote kwa raha.

Mumbi, mwanafunzi wa uzamifu, aliingia maabara miaka minne iliyopita, begi mgongoni, nywele amesuka twisti ndefu, akanisalimia kivijana. "Madam, sasa?"

Nilimtazama juu ya miwani. "Mimi si wa sasa. Mimi ni wa habari ya asubuhi."

Tangu siku hiyo akiniona, hata saa kumi jioni, anasema, "Habari ya asubuhi, Madam," na uso hautingishiki. Hivyo ndivyo nilivyoanza kumpenda. Alitoka upande wa Kikuyu, kwa mama mjane mwenye ng'ombe wawili na shamba la sukuma. Alikuwa wa kwanza kwao kufika alikofika, na ufadhili wake ulikuwa na mwisho, na tarehe ya mwisho huo ilibandikwa kwa karatasi ya manjano juu ya kompyuta yake.

Nilimuuliza atapima nini. Akashika twisti moja ya nywele zake. "Madam, koili ni nini?"

"Waya uliozungushwa. Mkondo ukibadilika, inaurudishia volti. Inaukatalia kidogo."

"Na ukitaka ikatae zaidi?"

"Unazungusha mara nyingi zaidi. Koili inakuwa kubwa."

"Ndio shida. Kwa simu, kila kitu imekuwa ndogo, isipokuwa koili." Akanyoosha ile twisti. "Kuna metali, hii yangu ni ya manganizi na bati. Ndani yake kila atomi ni kisumaku kidogo. Lakini havielekei upande mmoja. Kila safu imegeuka kidogo kuliko ile imetangulia, mpaka zinajizungusha zote, kama hii nywele nilisukwa Kenyatta Market. Sasa ukipitisha mkondo, elektroni zinapita kwa hiyo mzunguko, zinavitingisha visumaku, na vikitingishika vinarudisha volti. Kama koili. Na hakuna mahali umezungusha waya. Ni kijiti tu, kimenyooka. Na kadiri kijiti ni chembamba, ndio nguvu inazidi."

"Kimenyooka," nikasema.

"Kimenyooka, Madam."

Niliguna. Mnajua ninavyojisikia juu ya vitu vilivyonyooka.

Vijiti vilitoka kwa wenzake Profesa ng'ambo, vitatu, kila kimoja chembamba kuliko unywele. Profesa ndiye msimamizi wake Mumbi, mtu mwema, mwenye matumaini mengi kuliko vifaa. Kijiti kimoja kilifika kimevunjika. Cha pili Mumbi alikivunja mwenyewe kwa koleo, mwaka wake wa kwanza. Alilia mpaka miwani ikaingia ukungu, kisha akaandika ukurasa wa nyuma bila kuambiwa. Nilisoma, nikaweka sahihi, nikamwambia, "Sasa umesema. Nenda ukanywe chai." Nilijiona mtu mkubwa siku ile.

Kilibaki kimoja.

Msomaji anahitaji kujua jambo moja hapa, nami nitalisema polepole. Mkondo tunaotuma kwenye kijiti unaenda na kurudi, mara nyingi kwa sekunde. Katika waya wa kawaida volti inapanda na kushuka pamoja na mkondo, kama watu wawili wanaotembea wameshikana mikono. Kukiwa na koili, hatua zinaachana. Mashine inapima kule kuachana tu. Sababu ya kuachana, mashine haiijui wala haiulizi.

Kijiti hugandishwa juu ya kipande kinene cha shaba, kwa vanishi maalum ya rangi ya asali. Kazi ya vanishi ni kukishika na kupitisha joto lake haraka liende kwenye shaba, maana mkondo ukipita mahali pembamba namna ile, pana joto. Mwaka jana siku ya kukigandisha ilipofika, nilifungua chupa ya vanishi nikakuta imekauka, jiwe. Nyingine ilikuwa imeagizwa na imekwama njiani. Sumaku kubwa inayotumika kwenye kipimo hicho tunagawana na idara nyingine, na zamu yetu ilikuwa wiki ile tu. Ingefuata baada ya miezi mitatu, na karatasi ya manjano ya Mumbi ilikuwa inanitazama.

Nikafanya alichofanya kila fundi wa nchi hii tangu azaliwe. Nikatafuta kingine. Saa ya chakula cha mchana nilikwenda Hurlingham, kwenye duka la hardware nililolizoea, nikarudi na gundi ya mirija miwili ya kuchanganya, ile ya kuunga sinki iliyopasuka. Nikaichanganya kwa njiti ya kibiriti, nikaweka tone, nikalaza kijiti. Ikakauka nyeupe kama uji.

Nilishika kalamu niandike nyuma. Naapa niliishika. Profesa akaingia na wageni wawili, akataka niwaonyeshe mashine, nikaweka kalamu mfukoni. Nikasema nitaandika kesho.

Kesho yake asubuhi Mumbi alikuja, akainama kwenye darubini, akaangalia kazi yangu. Aliangalia kwa muda mrefu. Halafu akainua kichwa akauliza, "Imekauka, Madam?"

"Imekauka."

Tukawasha. Na kabla ya adhuhuri, kipimo kikaja.

Weh! Hatua ziliachana hivi kwamba hata mimi nisiyependa kufurahi nilipiga makofi. Volti ilikuwa inaachana na mkondo, wazi, kubwa, katika kijiti kilichonyooka kisicho na mzunguko hata mmoja wa waya. Profesa alishuka ngazi mbili mbili. Mumbi alinikumbatia akanivuruga kitambaa cha kichwa. Katikati ya shangwe hiyo mwambieni mtu mwingine aende akaandike kwamba gundi ilikuwa ya sinki. Mimi sikuweza. Niliona haya. Mimi niliyewafundisha wote ukurasa wa nyuma, mimi mwenye funguo za Mzee Gatheru, niliona haya nikanyamaza, na kila siku iliyopita ikaongeza uzito wa siku iliyotangulia.

Nilijiambia gundi haina neno. Gundi ni gundi. Nilijiambia hivyo kama mwezi hivi, huku nikimeza dawa za vidonda vya tumbo, mpaka Jumamosi moja nyumbani nilipokuwa napika chapati. Kikaango kilikuwa kimeshika moto sana. Nikapunguza gesi, nikaweka chapati inayofuata, nikijua sasa moto ni mdogo. Ikaungua. Moto ulikuwa umepungua zamani, lakini kikaango kilikuwa bado hakijapata habari.

Nikasimama na mwiko mkononi.

"Mama Simiyu, chapati inaungua!" Wafula akaita kutoka sebuleni.

"Naiona."

"Sasa?"

Nilikuwa nakiona kile kijiti. Mkondo unapanda, kijiti kinapata joto, na metali ikipata joto ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia mkondo, unabadilika. Lakini joto haliondoki mara moja. Kwenye vanishi linashuka haraka kwenye shaba. Kwenye gundi nene ya sinki linakwama, linachelewa, na likichelewa, ukinzani nao unabadilika kwa kuchelewa, na volti inaachana hatua na mkondo. Mashine inaona kuachana. Mashine inasema koili.

Jumatatu nilifungua daftari nikakagua vipimo kama mtu anayesoma barua isiyo yake. Mumbi alipoongeza mkondo, kipimo kiliruka sana. Alipotuma mkondo wa kwenda na kurudi haraka zaidi, kikapungua. Joto lina tabia hizo hasa. Profesa alikuwa na maelezo mengine, kwamba visumaku vimenata na vinahitaji kusukumwa, na maelezo yake hayakuwa ya kipumbavu. Huenda yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililonitesa: sikujua. Ningekuwa najua kwamba ni uongo, labda ningesema siku ile. Badala yake nilibeba ile labda, nikaenda nayo kazini, nikarudi nayo, nikapika nayo.

Wiki ya saba Profesa alitualika chakula nyumbani kwake Karen, Jumapili baada ya kanisa. Bustani kubwa, meza chini ya mwavuli, nyama, mukimo. Mama yake Mumbi alikuwepo, amevaa gauni la maua, amebeba parachichi kwenye kiondo. Profesa akasimama na glasi ya juisi akasema makala imekamilika, itatumwa kwa jarida siku ya Jumatano, na tasnifu itaandikwa juu yake. Mama yake Mumbi akaomba tuombe. Aliomba kwa Kikuyu kisha akageukia Kiswahili kwa ajili yangu, akamshukuru Mungu kwa mama wa mjini aliyemshika mkono binti yake kama wake mwenyewe.

"Amina," nikasema. Nikajifanya nakohoa pilipili.

Jumatatu nilifika kabla ya mfagiaji. Nikafungua ukurasa wa nyuma, nikaandika: "Kijiti cha tatu kimegandishwa kwa gundi ya kuunga sinki kutoka Hurlingham, si vanishi. Sikuandika siku ile wala siku zilizofuata. Inawezekana kipimo chote ni joto. Nekesa." Mwandiko ulitoka kama wa mtoto wa nasari. Mumbi alipoingia, nikaliweka daftari mbele yake likiwa wazi.

"Habari ya asubuhi, Madam. Ni nini?"

"Soma."

Alisoma. Akasoma tena. Uso wake ulibadilika polepole, na ningependa kusema nilijua kilichokuwa kinapita pale, lakini nilidhani ni hasira tu.

"Ni wiki ngapi hizi?"

"Saba."

"Wiki saba unaniona nikiandika."

"Ndiyo."

"Na jana ulikula kwa Prof, ukasikia mamangu akikuombea."

"Nilisikia, mwanangu."

"Usiniite mwanangu." Alisema taratibu, na hilo liliuma kuliko angepiga kelele. "Mamangu ameshaambia kanisa nzima ninamaliza."

Nami, kwa ujinga wa mazoea, nikamsogezea kalamu. "Niwekee sahihi hapo kando."

Akanitazama. "Hiyo utangoja."

Profesa aliitwa. Alikaa kwenye stuli akashika kichwa kwa mikono miwili, akauliza kama nina hakika, nikamwambia sina, hiyo ndiyo shida. Alianza kusema kwamba pengine tofauti ni ndogo, pengine Jumatano ibaki Jumatano. Mumbi ndiye aliyemkatiza, amesimama mlangoni, begi bado mgongoni.

"Visumaku havijui vimegandishwa na nini, Prof. Joto inajua. Tubadilishe gundi, kijiti kile kile. Kipimo kikibaki, ni sumaku. Kikienda, kimeenda."

Vanishi ilikuwa imefika wiki iliyotangulia. Chupa mpya, rangi ya asali, imekaa rafuni inanicheka. Tatizo lilikuwa kukibandua kijiti. Gundi ile imetengenezwa isibanduke, imeandikwa hivyo kwenye pakiti. Kikivunjika, hakuna atakayejua ukweli kamwe, na Mumbi atabaki na makala ambayo hawezi kuituma wala kuitupa. Profesa alitaka tungoje mtaalamu. Mumbi akasema bila kunitazama, "Afanye Madam. Yeye ndiye aliiweka."

Nilikilaza kwenye asetoni siku nne, nikibadilisha asubuhi na jioni. Siku ya tano nilianza kuitoa gundi kwa brashi ya rangi niliyoing'oa nywele zote zikabaki tatu. Nikiinama kwenye darubini mikono yangu ilitulia, sijui kwa nini, na hiyo ndiyo sababu nimedumu kwenye kazi hii. Mumbi alikaa upande wa pili wa benchi saa zote hizo. Nilisikia pumzi yake. Mchana, kijiti kikaelea.

Nikakigandisha upya kwa vanishi, safu nyembamba, nikaandika mbele na nyuma ya daftari. Nikasokota waya. Profesa akatuombea sumaku kwa siku moja katika idara ile nyingine. Tukawasha.

Kipimo kilikuwa kimeshuka hivi kwamba mwanzoni tulidhani mashine haijaunganishwa. Mumbi akakuza skrini mara kadhaa mpaka kitu kidogo kikaonekana, kinatetemeka juu kidogo ya kelele, yaani mchezo wa mashine yenyewe. Huenda ni visumaku. Huenda ni joto lililobaki. Mpaka leo hajui mtu. Sehemu yote ile kubwa, ile tuliyoipigia makofi, ilikuwa chapati iliyoungua.

Profesa alitoka nje akasimama uani kwa muda. Mumbi alichapisha mchoro, akautia kwenye faili, akabandua karatasi ya manjano kwenye kompyuta, akabandika nyingine tupu.

Makala haikutumwa. Mumbi aliombewa miezi sita ya ziada, akapewa. Akaanza tasnifu upya, sasa ikiwa juu ya namna joto linavyojifanya koili na jinsi ya kulikamata kwa kubadilisha gundi, mkondo na kasi. Profesa aliniambia ni kazi ya maana na itapita, labda. Neno labda alilisema kwa sauti ndogo. Kwa miezi mitano Mumbi alinisalimia kama watu wanavyosalimia mlinzi wa benki. "Habari, Madam." Ya asubuhi iliondoka.

Kila nilipofika kazini nilifungua daftari lile kwanza, kabla ya kuvua koti. Maandishi yangu yalikuwa pale, na kando yake palikuwa patupu. Mfagiaji angeweza kusaini. Profesa angeweza. Sikumwomba mtu mwingine. Nilikuwa nahesabu wiki zilizobaki kabla ya kustaafu na kufikiri kwamba nitaondoka hivyo hivyo, bila sahihi, kama mtu ambaye hakusema.

Siku yangu ya mwisho mlinipa saa ya ukutani. Kila anayestaafu nchi hii hupewa saa, siku ile ile ambayo haimhusu tena. Nashukuru. Inafanya kazi. Mlipokuwa mnakata keki juu, mimi nilishuka kurudisha funguo, na Mumbi alikuwa kwenye benchi, amenipa mgongo, anasokota waya.

"Habari ya asubuhi, Madam," akasema. Ilikuwa saa kumi jioni.

Nikafungua daftari nyuma.

Kando ya maandishi yangu palikuwa na neno, "Nimesoma," na sahihi yake. Chini yake palikuwa na maandishi mapya, mwandiko wake, tarehe ya siku ile.

"Asubuhi ya kwanza niliangalia kwa darubini nikaona gundi ni nyeupe. Vanishi ni rangi ya asali, ninajua. Nilitaka kipimo. Sikuuliza. Mumbi."

Nilivua miwani nikaifuta, nikaivaa, nikasoma tena. Imekauka, Madam? Hilo ndilo aliloniuliza. Kumbe wiki zile saba tulikuwa wawili, meza moja, kila mmoja na tumbo lake. Niliona hasira ikinipanda, nikaona huruma inaifuata, na sikujua ipi niishike.

Kando ya jina lake palikuwa patupu.

Nikatoa kalamu kwenye koti. Nikaandika, "Nimesoma. Nekesa." Nikafunga daftari, na aliposikia likifungwa mikono yake ikasimama kwenye waya, ila hakugeuka.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

Akavuta pumzi, akaendelea kusokota. "Sasa umesema na mimi nimesema," akasema. "Nenda ukakunywe chai, Madam. Wanakungoja."